KAKESIO: JENGO NALO LINA NYAYO

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika Kakesio? Wengi wetu hatujafika. Kakesio ni kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Imo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwenye pembe ya kusini-magharibi. Imepakana na Pori la Akiba la Maswa. Kusini yake ardhi huteremka kuelekea Ziwa Eyasi.

Mwezi huu twende huko pamoja. Hatuendi kutazama simba. Tunakwenda kujifunza jinsi ya kusimamisha jengo linalobeba mashine. Labda utasema, "Kakesio si mahali pa viwanda. Tutajifunza nini huko?" Ngoja kidogo. Ardhi ya huko na nyumba za huko zina mengi ya kumfundisha mtu anayetaka kujenga.

SAFARI YENYEWE

Tunaanzia Karatu mjini. Tunapanda mpaka lango la Lodoare. Hapo ndipo tunapoingia katika Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1959. Gari linapanda katikati ya msitu mpaka ukingo wa kreta. Huku juu kuna baridi na ukungu. Vaa koti lako.

Tunazunguka ukingo, kisha tunateremka upande wa magharibi. Barabara kubwa inaendelea kwenda Olduvai na Serengeti. Sisi tunaiacha. Tunashika njia ya kushoto, ile ya Endulen. Kadiri tunavyoteremka, baridi inapungua. Msitu unaisha, na nyasi na migunga inaanza. Wakati wa kiangazi utakula vumbi. Wakati wa masika vumbi hilo hugeuka tope, na gari linaweza kulala njiani.

Tukipita Endulen tunaendelea mpaka Kakesio. Hapa ni nchi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Mvua zikinyesha, nyumbu nao hufika kwenye mbuga hizi kula majani machanga. Watu wa hapa hawalimi, maana kilimo hakiruhusiwi ndani ya Hifadhi. Mahindi yao hununuliwa kwa fedha ya mifugo. Kwa hiyo kila debe la mahindi ni sehemu ya mbuzi au ng'ombe aliyeuzwa. Kumbuka jambo hili. Tutalirudia.

NYAYO ZA LAETOLI

Upande wa Endulen kuna mahali panapoitwa Laetoli. Mwaka 1978 watafiti waliokuwa wakiongozwa na Bibi Mary Leakey waligundua hapo nyayo za kale sana. Ni nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni tatu na nusu.

Zimedumuje muda wote huo? Volkano ilirusha majivu yakatanda chini. Mvua ikayalowesha majivu hayo. Viumbe wale wakapita juu yake. Baadaye majivu yakakauka, yakawa magumu kama saruji. Kisha majivu mengine yakaanguka na kuzifunika nyayo.

Unyayo ni alama ya uzito. Mwili ulikandamiza, ardhi ikapokea. Jengo nalo ni hivyo hivyo. Kila jengo hukandamiza ardhi usiku na mchana. Tofauti ni moja tu. Mtu hupita akaenda zake, lakini jengo husimama palepale miaka yote.

Mwaka 2015 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la makumbusho hapo Laetoli. Kabla ya kujenga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba mashimo ya kupimia. Walitaka kujua kuna nini chini. Unadhani walikuta nini? Walikuta nyayo nyingine za kale, kama meta 150 tu kutoka zile za kwanza. Profesa Fidelis Masao na wenzake walitangaza habari hiyo mwaka 2016.

Fikiri, ndugu msomaji. Kama mafundi wangeanza kumwaga zege bila kuchimba na kutazama, nyayo hizo zingeharibika bila mtu kujua. Hili ndilo somo letu la kwanza. Kabla ya kujenga, chimba uone.

Wewe huna nyayo za kale chini ya kiwanja chako. Lakini unaweza kuwa na udongo mlaini, shimo la takataka lililofukiwa, kichuguu cha mchwa, au maji yaliyo karibu. Shimo la meta moja na nusu huweza kukuonyesha mengi. Kulichimba ni kazi ya siku moja kwa vijana wawili. Kubomoa ukuta uliopasuka ni kazi ya mwezi, na fedha imepotea.

JARIBU MWENYEWE

Nenda penye tope laini. Simama kwa mguu mmoja. Unazama. Sasa weka ubao mpana juu ya tope, usimame juu ya ubao huo. Huzami sana. Je, uzito wako umepungua? Hapana. Uzito ni uleule, ila umetawanywa mahali papana.

Mtazame mbuzi akipita kwenye tope. Kwato zake ni ndogo, kwa hiyo huchimba. Tembo ni mzito mara nyingi kuliko mbuzi, lakini mguu wake ni mpana kama sinia.

Msingi wa jengo ndio mguu wake. Ardhi ikiwa laini, mguu lazima uwe mpana zaidi, au ushuke chini zaidi mpaka ukute udongo mgumu.

NYUMBA YA KIMAASAI

Sasa tuingie katika boma. Wanaojenga nyumba hapa ni akina mama. Huchimbia fito na nguzo karibu karibu, zikawa ukuta. Ndani husimamisha nguzo zenye panda. Juu ya panda hulaza miti, na juu ya miti huweka matawi na nyasi. Kisha hukandika kwa samadi ya ng'ombe.

Angalia vizuri. Uzito wa paa hukaa juu ya miti. Miti huukabidhi kwa nguzo. Nguzo huukabidhi kwa ardhi. Hakuna mahali uzito unapokatika njiani. Tena nyumba ni fupi, na pembe zake ni za mviringo. Upepo wa mbugani huteleza juu yake.

Mama aliyejenga nyumba hii hakusoma chuoni, lakini anajua njia ya uzito. Wahandisi nao hufuata njia hiyo hiyo wanapojenga kiwanda kikubwa. Kwanza paa, kisha boriti, kisha nguzo, kisha msingi, mwisho ardhi. Muulize fundi wako, "Uzito huu unapita wapi mpaka ufike chini?" Akishindwa kujibu, kazi isimame kwanza.

NYUMBA YA MASHINE

Nyumba ya kulala hubeba watu na vitanda. Haitikisiki. Nyumba ya mashine ni kitu kingine. Kijiji kikipata mashine ya kusaga, nyumba yake ndiyo kiwanda cha kwanza cha kijiji. Na kiwanda kina mambo mawili ambayo nyumba ya kulala haina. La kwanza ni uzito mwingi uliokusanyika mahali padogo. La pili ni mtikisiko.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mashine pamoja na injini yake ina kilo 600. Ina miguu minne. Kila mguu una upana wa sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 10. Miguu yote inakalia sentimeta za mraba 400. Gawanya 600 kwa 400. Kila sentimeta ya mraba inabebeshwa kilo moja na nusu.

Sasa tumwage zege chini ya mashine. Urefu meta 1.5, upana meta 1, kina sentimeta 60. Zege hilo lina karibu kilo 2,160. Ukijumlisha na mashine unapata kilo 2,760. Lakini sasa uzito huo umekalia sentimeta za mraba 15,000. Kila sentimeta ya mraba inabebeshwa chini ya robo kilo. Unaona? Uzito wote umezidi mara nne, lakini ardhi imepata nafuu. Mguu umekuwa mpana.

Zege hilo lina faida nyingine. Mashine nyepesi juu ya sakafu nyembamba hurukaruka. Mashine iliyofungwa kwa bolti kwenye zege zito hutulia. Wahandisi wana kawaida ya kufanya msingi wa mashine uwe mzito kuliko mashine yenyewe mara tatu, au mara tano kwa injini zenye mapigo makubwa.

Tena msingi huo utengwe. Usishikane na kuta wala na sakafu nyingine. Acha nafasi ndogo kuuzunguka. Ukishikana na ukuta, kila pigo la injini litapita mpaka ukutani. Pigo moja ni dogo. Lakini je, hujaona mtoto kwenye bembea? Husukumwa kidogo kidogo, kila mara kwa wakati wake, mwisho anaruka juu sana. Mtikisiko wa mashine huweza kufanya vivyo hivyo. Matofali huachana, misumari hulegea, na ukuta huanza kupasuka.

Viwanda vikubwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Ukitoka Karatu ukapita Makuyuni na kushika barabara ya Babati, utafika Minjingu, Mkoa wa Manyara. Hapo kuna kiwanda cha mbolea. Mawe ya fosfeti huchimbwa na kusagwa. Mawe hayasagwi bila kishindo. Popote palipo na kazi kama hiyo, mashine kubwa hupewa misingi yake yenyewe, mbali na nguzo za jengo.

TANGI LA MAJI

Usisahau tangi. Watu huliona tupu likipandishwa juu ya mnara, wakadhani ni jepesi. Lita moja ya maji ina kilo moja. Tangi la lita 5,000 likijaa lina kilo 5,000, bila kuhesabu tangi lenyewe. Huo ni uzito wa ng'ombe 20 wenye kilo 250 kila mmoja. Je, mnara wako unaweza kubeba ng'ombe 20 waliosimama juu yake usiku na mchana? Mnara hupimwa kwa tangi lililojaa, si kwa tangi tupu.

FITO TATU NA FITO NNE

Chukua fito nne. Zifunge pembeni kwa kamba, upate umbo kama dirisha. Sukuma upande mmoja. Linapinda na kulala. Sasa chukua fito tatu. Zifunge upate pembetatu. Sukuma. Halipindi. Rudi kwenye lile la fito nne, ufunge ufito mmoja kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Sukuma tena. Limekataa.

Ufito huo wa mshazari ndio unaozuia jengo lisiyumbe. Ndiyo maana kenchi za paa zina pembetatu ndani yake. Ndiyo maana minara ya chuma ina vyuma vya mshazari kutoka chini mpaka juu. Mabanda ya viwanda huwa na nafasi kubwa ndani bila kuta za kati. Bila mishazari, au nguzo na boriti zilizoungwa kwa nguvu sana pembeni, banda la namna hiyo huweza kulala ubavu kwa upepo.

UPEPO HUFUNUA

Watu wengi hudhani upepo husukuma tu. Sivyo. Upepo ukipita juu ya paa huweza kulivuta juu, kama mtu anayefunua chungu. Nyumba ya mashine ina mlango mpana. Upepo huingia kwa mlango huo na kusukuma bati kutoka ndani. Juu unavutwa, chini unasukumwa. Paa linaondoka.

Dawa yake ni kufunga. Bati lifungwe kwenye mbao. Mbao zifungwe kwenye kenchi. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa nondo au ukanda wa chuma ulioshuka ndani ya ukuta. Kuweka mawe juu ya bati si kufunga. Upepo mkali ukija, mawe hayo huanguka juu ya vichwa vya watu.

MAJI, MIZIZI NA UDONGO MWEUSI

Turudi Laetoli. Mwaka 1979 watafiti walizifukia tena zile nyayo za kwanza ili zisiharibike. Lakini miaka ilipopita, migunga iliota juu yake. Mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wetu wa mambo ya kale, pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani, walifukua tena sehemu hiyo. Walitoa miti, wakatafuta njia ya kugeuza maji ya mvua, wakazifunika nyayo kwa mchanga, kitambaa maalumu cha kuzuia mizizi, na mawe juu yake.

Jengo lako lina maadui haohao. Maji yakisimama karibu na msingi hulainisha udongo. Chimba mfereji, maji yaende mbali. Mti mkubwa usiwe karibu na ukuta.

Jihadhari zaidi na udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka, unaweza kuingiza mkono ndani ya ufa. Masika hunywa maji ukavimba. Unavimba na kunywea kila mwaka, na jengo lililo juu yake hupanda na kushuka. Kuta hupasuka. Kama unaweza, tafuta kiwanja kingine. Kama huwezi, usianze bila mhandisi. Huenda msingi ukahitaji kushuka mpaka chini ya udongo huo.

UFA NI TAARIFA

Sasa tutoke Kakesio tuende mbali kidogo, mpaka nchi ya Bangladesh, huko Asia. Huko kulikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Chini kulikuwa na maduka na benki. Juu kulikuwa na viwanda vya kushona nguo. Jengo halikukusudiwa kuwa la viwanda. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali. Tena jenereta nzito ziliwekwa juu.

Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo hilo. Watu wakatoka nje. Kesho yake benki na maduka hayakufunguliwa. Lakini washonaji waliamriwa kurudi kazini. Asubuhi umeme ulikatika, jenereta zikawashwa. Muda mfupi baadaye jengo lote liliporomoka. Watu 1,134 walikufa. Wengi wao walikuwa akina mama na wasichana.

Jengo lile lilitoa taarifa siku moja kabla. Waliolisikiliza walipona. Walioamriwa wasilisikilize walikufa.

Usidhani hayo ni ya Asia tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka. Watu 36 walikufa. Mwezi Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua watu.

Nyumba ya mashine ya kijiji haina ghorofa. Lakini ndani yake anasimama nani? Ni mama mwenye debe la mahindi kichwani na mtoto mgongoni. Huko Kakesio debe hilo limenunuliwa kwa mbuzi. Amekuja kutafuta unga wa jioni. Hakuja kuangukiwa na ukuta.

Kwa hiyo ukiona ufa, usiukandike ukasahau. Piga mstari wa penseli mahali ufa unapoishia, uandike tarehe. Baada ya wiki moja tazama tena. Kama ufa umepita ule mstari, ardhi au ukuta unasogea. Mwite mtaalamu. Kama ufa ni mpana, au ukuta umetoka kwenye timazi, zima mashine, toa watu, funga mlango. Unga wa siku moja hauwezi kulingana na roho ya mtu.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Wanakijiji wanaochanga fedha na kusomba mawe wana haki ya kuuliza. Uliza mambo haya kabla zege halijamwagwa:

1. Je, shimo la kupimia limechimbwa? Tumekuta udongo gani?

2. Mashine ina kilo ngapi? Tangi likijaa lina kilo ngapi?

3. Je, msingi wa mashine umetengwa na kuta?

4. Iko wapi mishazari ya kuzuia jengo lisiyumbe?

5. Paa limefungwa kwenye ukuta kwa kitu gani?

6. Mhandisi wa halmashauri ameiona ramani?

Ndani ya Hifadhi kama Kakesio kuna swali la saba. Je, kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kimepatikana? Bila kibali, jengo hata likiwa imara halitadumu.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Usiwaachie wengine peke yao ramani ya jengo la kijiji. Iombe, uitandaze mezani, ufuate kwa kidole njia ya uzito kutoka paa mpaka ardhini. Kidole chako kikikosa njia mahali popote, nyosha mkono mkutanoni uulize.